Ngeli ya A-WA

Mimi ni fundi cherehani, baraza ya tatu ukitoka stendi ya Moshi.
Mguu wangu unalijua kanyagio kuliko njia ya nyumbani.
Januari nzima nashona sare:
sketi za buluu, kaptura za kaki, kola za watoto wa Rau na Kiboriloni.
Na kitambaa, nakwambia, hakina mume wala mke
mpaka mkasi upite.

Sasa nisikilize.

Mwanangu Elinami ana miaka kumi na mmoja.
Aliyemdhuru ni mwalimu wake wa tuisheni,
mwanamke, sauti ya pili kwenye kwaya.
Suti zake mbili za Pasaka nilizishona mimi,
kwa futi hii hii inayoning'inia shingoni.
Siku hizi naivua mapema.

Hayo tu nitayasema. Yaliyobaki ni ya mwanangu:
akitaka atayatoa, asipotaka
hakuna mwenye haki ya kumpekua.

Kituoni tulikaa kwenye benchi la mbao.
Koplo Mkunde wa dawati la watoto akatuletea maji,
akafungua daftari kubwa, akaandika tarehe, akaandika kata,
kisha kalamu ikasita.
Safu ya tano: *Jina la msichana.*
Safu ya sita: *Mwanamume anayetuhumiwa.*
Akazitazama safu zile kama mtu aliyeuziwa viatu,
vyote viwili vya mguu wa kushoto.

Nyuma ya kaunta mwenzake akacheka. Si kwa nguvu, puani tu:
"Dume hilo, mzee. Sisi enzi zetu tungeshukuru."
Elinami akainamia sakafu, akahesabu vigae.
Aliniambia baadaye: mia moja na vinne,
kimoja kimevunjika.

Koplo akachukua rula.
Akapiga mstari juu ya *msichana*, akaandika *mtoto*.
Akapiga mstari juu ya *mwanamume*, akaandika *mtu*.
Herufi nane, basi,
kama mimi ninavyofumua pindo na kushusha kaptura
ya kijana aliyerefuka likizo moja.

Ijumaa jalada likarudi kutoka juu:
fomu imefutwafutwa, haipokeleki, ijazwe upya.
Ijazwe upya kwa nani?
Nikaazime binti wa jirani?

Jioni ile alikuwa na kazi ya nyumbani,
Kiswahili, darasa la tano.
Wiki ya tatu hiyo, na ndiyo mara ya kwanza
nasikia sauti yake ikivuka mlango:

*Mtoto analia. Watoto wanalia.*
*Mtoto ameanguka. Watoto wameanguka.*

Nikalizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja.
Lugha hii tunayopatania bei na kuzikia wafu
haikumuuliza anayelia kavaa sketi au kaptura.
Ile *a* ilimbeba kama alivyo, na machozi yake.
Waliokaa mezani kuandika sheria
waliandika kwa lugha hii hii.
Ni wapi basi walikopata mkasi?

Swali moja tu ngeli inauliza:
ni mmoja, au ni wengi?

Hapo mkono ukanitetemeka,
maana chumba kile cha tuisheni
kina madawati kumi na mawili.

Jumatatu tunarudi. Koplo Mkunde amesema
atapiga mstari tena, kwa rula ile ile,
na safari hii atalipeleka jalada mwenyewe, kwa miguu,
amngoje mkubwa atoke kwenye chai.
Simjui vizuri mama huyu. Nimemwambia
gauni lake la Krismasi halina malipo. Amekataa.

Usiku Elinami alisimama kando ya taa,
akagusa kaki iliyokuwa mezani, bado haijakatwa.
"Baba, yangu uiwekee mfuko wenye zipu."
Wa kutilia nini?
Akafikiri.
"Wa kufunga tu."

Nimeushona kwa uzi mara mbili.