Barua ya Siku ya Ishirini na Tisa

Aliweka kopo la biskuti juu ya kaunta.
Ndani hamkuwa na biskuti: bahasha,
nyingine zimepasuliwa kwa kisu cha siagi,
nyingine zingali na gundi yake.
Verna Zielinski, miaka sitini na nane,
mpishi mstaafu wa shule moja ya Erie,
theluji ya ziwani bado mabegani.
"Nasikia hapa mnatoa nakala kwa senti kumi."

Kazi yangu ni vitabu. Si wakili mimi.
Nilimwambia hivyo, kisha nikamvutia kiti.

Husemwa kukopa harusi, kulipa matanga.
Harusi Verna hakuiona.
Alikopa tanuri. Januari ile
mabomba yaliganda, Walter akikohoa
chini ya makoti matatu,
na fundi akataka dola elfu mbili na mia tatu
kabla hajafungua sanduku la vyombo.
Kadi ikapita kwenye mashine, ikalia kidogo, basi.
Walter alikufa akiwa na joto.
Hilo hajalijutia hata siku moja.

Riba haikukaa matanga.
Ilizaa ada, ada ikazaa faini,
faini ikarudi kuolewa na riba,
na leo ukoo huo una vichwa
elfu sita, mia nane na arobaini na moja.

Benki ilipochoka ikaliuza deni
kama mtu auzavyo gari bovu, bila kuangalia nyuma,
kwa kampuni ya jimbo jingine, nayo kwa nyingine,
hata sauti iliyompigia wakati wa supu
ikawa ya mtu aliyejiita Bwana Keller,
asiyejua hata benki ya kwanza ni ipi.
"Tuma ishirini na tano tu," alisema,
"ishara ya nia njema."

Hundi ilikuwa tayari, imekunjwa mara mbili
mfukoni mwa koti. Niliona ncha yake.

Tukasoma pamoja, yeye kwa kidole, mimi kwa miwani:
kwamba deni nalo huzeeka;
kwamba senti moja, mahali pengi,
yaweza kumwamsha kikongwe aliyelala
akaanza kuhesabu miaka upya kama mtoto;
kwamba unazo siku thelathini tangu ilani yao
kuwaandikia: thibitisheni;
kwamba simu ya saa tatu na nusu usiku
ni kosa lao,
si aibu yako.

Alihesabu kwenye kalenda ya kanisa.
"Ishirini na tisa," alisema. "Leo."

Dawa ya deni kulipa, sawa.
Lakini dawa gani hunywewa gizani,
chupa haina lebo, na mgonjwa hajapimwa?
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Na deni bila daftari, linadai kwa kinywa cha nani?

Aliandika kwa mkono, kwa herufi za jikoni,
zilezile zilizoandika ubaoni *Jumanne: viazi*.
Mstari wa kwanza: *Ni kweli nilikopa.*
Nikamwomba aufute. Kukiri nako huamsha.
Aliuma kalamu muda mrefu.
Simu zote zile hazikumchoma hivi:
kuombwa na mtu mwema
anyamazie jambo la kweli.

Alifuta. Akaandika upya:
*Nionyesheni. Ni la nani, ni kiasi gani, ni la tangu lini.
Na simu yangu iacheni.*

Tulitoa nakala mbili. Senti ishirini.
Nikasema acha, si kitu.
Akazipanga sarafu mbele yangu, moja, ya pili,
akazisukuma kwa kidole hadi upande wangu.
"Hili," alisema, "nalijua ni langu."