Kipimo ni Kifuani

Mwalimu Ruqaiya alinisimamisha ukutani,
akasimamisha fimbo mbele yangu, wima kama mgeni,
akanipapasa mfupa wa kifua kwa kidole.
"Hapa. Ikiishia kiunoni, umenunua bakora.
Ikipita kidevu, umenunua mlingoti."
Nikacheka. Ndipo nikatambua kuwa naye haoni:
alinitafuta kwa mkono kabla ya kunipima.

Zilikuwa nne mezani, chumba kikinuka udi na karatasi mpya.
Ya kwanza alumini, vipande vinne, uzi wa mpira ndani;
ukiiachia inajiunga yenyewe, tak tak tak tak,
kama watoto walioitwa kula.
Ya pili kaboni, nyepesi kama sindano.
Bei yake haikuwa nyepesi.
Ya tatu haikunjiki. "Hii ndiyo msema kweli," akasema,
"lakini utailaza wapi garini mwa mwanao?"
Ya nne ilikuwa na mpini wa mbao, umelainika kwa kiganja cha mtu.
Sikuuliza ni nani. Niliirudisha polepole.

Na ncha nayo ina mambo yake:
nyembamba kama penseli, hunasa kila mwanya wa matofali;
nene, ya kubiringika, mviringo wa kungumanga.
Nikachukua alumini, na kungumanga yangu.

Miaka thelathini nimetoboa vitobo vya kofia
vidogo kuliko ufuta. Presha ya macho iliingia kimya,
ikaanzia pembeni,
kama mtu anayekunja jamvi na wewe bado umelikalia.

Kaka yangu Humudi huenda harusini na bakora yake,
anaizungusha, anaiegemea, anapigwa picha.
Hajaambiwa pole hata siku moja.
Mimi na hii nyeupe, siku ya kwanza tu,
pole zilinifuata mpaka ndani ya lifti.

"Mkono mbele ya kitovu. Kifundo ndicho kicheze, bega litulie.
Upana wa mabega, basi. Hufyeki majani!
Mguu wa kulia ukienda, fimbo iguse kushoto,
ikakague pale mguu wa kushoto utakapokanyaga."
Siku tatu mguu na fimbo vilikwenda upande mmoja,
kama wagomvi waliopatanishwa kwa nguvu.
Siku ya nne nilijigonga kwenye gari
lililoegeshwa juu ya njia ya miguu,
nikalitukana kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu, lisije likasema halikuelewa.

Mabela sasa naijua kwa sauti.
Marumaru ya ngazi hujibu haraka, kama mtu mwenye kiburi.
Changarawe hunong'ona. Mfuniko wa mtaro hupiga kelele.
Kiyoyozi cha Shamsa kinadondoka usiku na mchana:
hapo nakata kulia.
Na fimbo usiisahau garini mwezi wa Juni;
nimejifunza hilo kwa kiganja.

Jana baada ya Alasiri nilitoka peke yangu
kwenda bakala, uzi wa kijani na mkate.
Hatua arubaini, nikasikia injini nyuma yangu,
inatambaa, inasimama nikisimama.
Nikarudi. Nikagonga mlango kwa kungumanga.
"Muadhi, mwanangu, nenda kazini."
"Mama, napita tu."
"Basi pita."

Akapita.
Nikapotea milango miwili: badala ya mkate
uso wangu ulipokewa na mvuke, wanga, pasi ya moto.
Dobi akaanza kunyanyuka, kiti kikakwaruza.
Nikamwambia, "Kaa, bwana. Nimeshajua nilipo,"
na kweli nilijua:
bakala ni kushoto, baada ya mfuniko unaopiga kelele,
ambao nilikuwa nimeuruka
kwa kumfikiria Muadhi.