Kofia Isiyokwisha

Saa kumi na moja alfajiri, Mabela. Kiyoyozi kinakohoa.
Shinuna amelalia mkono wangu wa kulia,
ule wa sindano.

Hospitali nahesabu chembe za damu za watu nisiowajua:
duara, duara, duara,
moja imepinda kama mundu.
Naandika namba. Duara nazichukua kichwani,
nazipitisha kwenye foleni ya Mawaleh
hadi jikoni.

Usiku, wakilala, nashona vitobo.
Kofia hii niliianza Thuwaiba akiwa tumboni;
sasa ameng'oka meno mawili
na utosini bado sijafika.
Mama mkwe anauliza, ya nani?
Ya mwanao, nasema.
Uongo. Ni ya mkono wangu tu,
usije ukasahau kuwa ni mkono.

Jana nimeikuta chini ya meza, imevishwa mwanasesere,
imeingia halua.
Na pale palipokuwa patupu Thuwaiba kashona
mshono mmoja mrefu, uzi mwekundu,
unaokwenda upendako kama njia ya sisimizi.

Nikashika mkasi.

"Hiyo damu, mama. Ya kazini kwako."

Mkasi nikaurudisha kwenye kopo la biskuti.
Wali ulikuwa umeshika ukoko, Shinuna analilia maji,
zamu ya kesho sijaijibu.
Nikauzungushia ule wekundu vitobo vyeupe,
kumi na saba, nilivihesabu,
usingizi ukanipitia.

Nimeamka sindano i mkononi,
na mguu wa mtu mdogo shingoni.