Jicho la Pili

Februari, Kajaani. Ziwa limefungwa kwa barafu.
Aulikki kaleta kutoka dukani
kipande cha tangawizi cha senti tisini,
kimenyauka kama kidole gumba cha babu.
Kakilaza usiku kucha kwenye bakuli la maji.
"Kisahau safari," akasema,
"na dawa waliyokipulizia kisichipue."

Akachagua beseni pana, lile la buluu
tulilosafishia samaki,
akalitoboa matundu kwa msumari wa moto.
Udongo laini, samadi kidogo, mchanga wa ziwani.
Macho juu, akaniambia.
Usikizike kama maiti; kifunike tu shuka.

Tukaliweka juu ya friji, penye joto.
Machi ikapita. Kimya.
Mimi nimetengeneza injini za treni miaka thelathini na minne:
injini isipowaka, unafungua kifuniko, unatazama.
Basi usiku mmoja, Aulikki kalala,
nikachukua kijiko cha chai
nikafungua.

Lilikuwapo. Chipukizi jeupe, kali kama jino la mtoto,
na papo hapo nikalisikia likivunjika,
tak,
mlio mdogo kuliko wa tone la bomba.
Nikafukia. Nikaosha kijiko. Nikarudi kitandani
vidole vikinuka tangawizi.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
ya beseni tuliijua mimi na kijiko.

Aprili yote nilimwona akiinama pale,
akigusa udongo, akinyunyiza maji vuguvugu,
machache, kama anayetia chumvi.
"Bado," anasema.
Nami: "Bado."
Neno moja, vinywa viwili, maana mbili.

Kisha Mei, barafu ikipasuka ziwani kwa kishindo,
pembeni mwa beseni, mahali nisipopagusa,
kikatokeza kidole cha kijani.
Aulikki akacheka peke yake jikoni.
Mimi nilivaa viatu, nikatoka,
nikapasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Juni tulilitoa nje mchana, tukalirudisha jioni
kama mtoto wa kuazima,
kivulini, nyuma ya ukuta wa sauna.
Majani yakarefuka katika usiku usiotaka giza.
Jirani yetu Tauno akauliza kama ni mianzi.

Septemba sakitu iliunguza viazi vya Tauno;
beseni letu lilikuwa ndani tangu juzi.
Oktoba majani yakageuka manjano, yakalala.
Tukalipindua juu ya gazeti.

Tangawizi changa, ngozi ya waridi, haitaki hata kumenywa.
Gramu mia moja na themanini, mizani haidanganyi.
Lakini Aulikki alikuwa akigeuza kile kipande kikongwe,
akikisugua udongo kwa kidole,
mpaka akaliona kovu, duara, kama kitovu.
Akafungua droo. Akatoa kijiko cha chai.
Akaweka ncha yake juu ya kovu.
Ikaenea.

Nikatazama dirishani. Hakukuwa na cha kutazama.

"Mwakani," akasema, huku akikata vipande vya chai,
"tutapanda mabeseni mawili.
Moja langu.
Jingine lako, la kufukua."