Mteja Anadai

Bi Claudette Gagnon ameleta gari mara ya nne.
Anaweka ufunguo kaunta polepole
kama mtu arejeshaye sufuria ya jirani ikiwa na ufa.
"Imewaka tena," anasema. "Halafu ikazimika."

Natoka naye nje. Lewiston, Februari.
Theluji ya juzi imekuwa jivu kando ya lami,
chumvi imepanda milango hadi kwenye vitasa.
Nawasha. Dashibodi inaamka, taa zote zinajipima,
zinazimika mojamoja, na ile ya njano,
kigari kilichoacha nyuma yake nyoka wawili,
nayo inazimika. Adabu tupu.
Gari mbele ya fundi ni mtoto mbele ya mgeni.

Mashine ya kupima haina haya, inataja jina:
kihisi cha pembe ya usukani.
Ndilo jina ililotaja Novemba,
tukafungua usukani, tukang'oa, tukaweka kipya,
dola mia sita na arobaini,
nakala ya risiti ipo, mwandiko ni wangu.
Desemba tukalaumu betri.
Januari tukanyoosha magurudumu yaliyokuwa yamenyooka.
Normand, mwenye gereji, ananivuta pembeni:
"Mwambie ni baridi. Mwambie aizoee."

Mumewe naye kishamwambia hayo kwa njia yake:
kwamba macho yale yana miaka sabini na tisa.

Siku hiyo sikupima kitu. Nilimuuliza tu,
huwaka ukienda wapi?
Akafikiri. "Jumanne na Ijumaa."
Gari halijui Ijumaa, Bi Claudette.
"Mimi naijua," akasema. "Ndizo siku zake za figo."

Basi Ijumaa nikakaa kiti cha abiria,
mashine mapajani, mkia wake umechomekwa chini ya usukani,
na nyuma yetu Bwana Armand, blanketi magotini,
akihesabu kwa sauti madirisha ya viwanda vilivyofungwa.
Tukafuata mfereji. Namba nne zilikimbia kiooni,
kila gurudumu na mwendo wake:
thelathini, thelathini, thelathini, thelathini,
ndugu wa sahani moja.
Mashimo: kimya.
Reli: kimya.
Kona ya kulia: kimya.

Kisha jengo la kuegesha la hospitali,
njia ya zege iliyojiviringa kama gamba la konokono,
kushoto, kushoto, tena kushoto,
usukani umekunjwa hadi unakataa,
magurudumu ya nje yakiyapita kidogo ya ndani,
ndivyo kona ilivyo,
na tulipofika ghorofa ya tatu namba moja ikaanguka:
kumi na moja, kumi, tisa,
sifuri.
Gari likajikaba koo. Injini ikakohoa.
Taa ya njano.

"Umeona?" akasema.
Hakuwa akisema nami.
Alikuwa anatazama kioo cha nyuma.

Jioni, gari likiwa juu, nikavua glavu
nikaupapasa waya wa gurudumu la mbele, kushoto.
Ngozi yake nzima, nyeusi, haina hata mkwaruzo.
Nikaupinda. Pale unapobanwa na kishikizo
pakalegea ghafla, kama mfupa wa kuku
uliovunjika ndani ya nyama.
Shaba imekatika. Ncha zinagusana zikipenda,
na gurudumu likivutwa sana kushoto, zinaachana.
Kompyuta ikaona watatu wanakimbia, mmoja kasimama,
ikababaika, ikamkamata aliye karibu:
usukani.
Shahidi akafungwa, mwizi akaendelea kuzunguka.

Waya mpya, dola thelathini na nane.
Nikamuuliza Normand kuhusu zile mia sita na arobaini.
Alitazama theluji dirishani muda mrefu,
kisha akafungua droo ya hundi
bila kuniambia kitu, wala mimi sikumwambia.

Juu ya karatasi ya kazi kuna mstari wa maelezo.
Mara zote nne niliujaza vilevile:
Mteja anadai taa huwaka.
Nikachukua kalamu nikakata maneno mawili ya mwanzo,
karatasi ya nne, ya tatu, ya pili,
ile ya Novemba ina doa la grisi, kalamu ikateleza,
nikairudia.