Vifungo

Cherehani yangu ipo Barabara ya Biashara,
dada yangu Mwanasiti yupo Makadara, kitanda cha dirishani.
Daktari Nyawa alinichorea nyuma ya karatasi ya vipimo:
damu ina walinzi, wauaji tunaozaliwa nao.
Mhalifu wanamtambua kwa shati;
wakilikamata, kwisha habari yake.

Seli ya saratani inalijua hilo.
Ikishikwa, inalivua shati,
inamwachia mlinzi kitambaa mkononi,
kisha inampulizia usingizi.

"Na dawa?"
"Ipo inayojaribiwa. Inakaza vifungo, shati lisivulike."

Kazi hiyo naifahamu.

Usiku huu kanzu ya bwana harusi isubiri.
Nimetia uzi nta,
navikaza vifungo vya gauni lake la wodini,
kimoja kimoja,
fundo mara tatu.