Saa Sita Zinazopelea

Kazi yangu, ghorofa ya kwanza, Mtaa wa Zanaki,
ni kuondoa sita.
Tiketi inasema ishirini na mbili kamili,
nami kwa kalamu nyekundu naandika pembeni: saa nne usiku,
maana wapo waliofika uwanjani na mabegi na wa kuwaaga
ndege ikiwa imeshapita Djibouti.

Leo mlango ulifunguliwa kabla feni haijashika kasi.
Kondo, fundi friji wa Magomeni Makuti,
shati la jana, ndala zisizofanana.
"Mama," akasema. "Saa tisa usiku."
Halafu, kama anayeulizia bei ya nyanya:
"Edmonton mpaka hapa ni mbali kiasi gani?"

Kilomita elfu kumi na nne, mia mbili na sabini.
Hiyo ni kwa kamba, nikamwambia,
kamba iliyovutwa juu ya dunia bila fundo.
Ndege haiendi kwa kamba. Ina Toronto, ina Doha,
ina viti vya chuma vya kungojea.
Saa thelathini, mambo yakienda vizuri.

Akahesabu kwa vidole vyenye makovu ya solda.
"Huko sasa saa ngapi?"
Saa nne usiku.
"Ya leo?"
Ya jana.

Akanyamaza, nami nikakiona alichokiona:
kwa mdogo wake Pazi, mama kafariki jana jioni,
watu wakitoka kazini, wakikwangua barafu kwenye vioo vya magari.
Kwa Kondo, kafariki leo, kabla ya adhana.
Mama mmoja, tarehe mbili.
Kibao kiandikwe ipi?

Ndege ya kwanza inamchukua Pazi saa kumi na mbili, asubuhi yake,
ambayo ni saa kumi yetu,
jeneza likiwa begani.

"Na tukizika kesho? Alasiri?"
Wazee watanung'unika, nikasema. Na joto hili.
"Ubaridi si tatizo. Ubaridi ndiyo kazi yangu."
Nikapiga hesabu mara tatu,
mara ya tatu kwa kikokotoo, kwa kukiogopa kichwa changu.
Zinapelea sita.

Sita! Zile zile ninazozikata kutwa kwa kalamu,
za bure, za ubishi wa mahali pa kuanzia:
wao wanaanza kuhesabu gizani, sisi jua likichomoza.
Hizi za Kondo hazikatiki.

Akampigia, simu ikawekwa mezani, sauti wazi.
Pazi hakuuliza kilomita.
"Kata tu, kaka," akasema. "Nyie zikeni. Mimi kata."
Kisha tukasikia mfereji wa maji ukifunguliwa huko,
ukaachwa utiririke muda mrefu.

Kutoka Makuti hadi makaburi ya Mwinyimkuu
ni dakika kumi na mbili kwa miguu.
Kwa jeneza ni nane,
maiti hacheleweshwi.

Nikakata. Printa ikakoroma, ikakwama, ikaendelea.
Kondo akalipa kwa noti zilizokunjwa ndani ya risiti ya sanda,
akaniomba nimwandikie vizuri atakapofika.
Nikaandika: kesho, saa nne usiku.
Nikapigia mstari mara mbili,
asije akaenda kumpokea asubuhi.